Yai la Bandani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Agosti, mwaka wa pili wa korona, Baba yangu alizikwa Kenya saa nne asubuhi. Huku Sydney ilikuwa saa kumi na moja jioni. Niliyempoteza ni Baba, lakini nikisema ukweli sikuwa naye kwa miaka mingi, kwa hiyo sijui kama naweza kusema nilimpoteza siku hiyo. Nilichopoteza siku hiyo ni nafasi ya kumwambia jambo moja dogo, na jambo lenyewe linahusu yai.

Tulikuwa tumefungiwa. Nyumba yetu Toongabbie ni ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na tulikuwa watatu ndani: mimi, mume wangu na binti yetu. Mimi nilitoka kwenda kazini tu, kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye makao yao kule Blacktown, na nikirudi nilivua nguo mlangoni kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Asubuhi ya siku ile Mama Furaha, Mkongo tunayesali naye, alikuja na sufuria ya wali. Hakuingia. Aliiweka chini akarudi nyuma hatua tatu.

"Pole sana, dada. Nakuachia chakula hapa ku mlango. Siwezi kukukumbatia, utanisamehe."

Kabla sijamjibu, jirani wa chini alitoa kichwa ngazini akamwambia kwa Kiingereza kwamba wageni hawaruhusiwi, na kwamba anapiga simu polisi. Mama Furaha akamtazama, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, "Huyu naye amefiwa na nini?" Kisha akashuka. Nilicheka kidogo. Ndicho kicheko pekee nilichokuwa nacho siku ile.

Saa sita mchana binti yangu alisema ana njaa na hataki wali. Nikawasha jiko la gesi nimkaangie yai. Jiko letu lina ubovu: gesi hutoka kwanza, unasikia harufu yake, halafu moto unashika kwa kishindo. Ile harufu, kabla ya moto, naijua tangu utotoni. Papo hapo simu ikalia. Ilikuwa Mama. Kule kwao ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na Mama huamka saa hizo hata kama hana pa kwenda.

"Nimesikia watakuonyesha mazishi kwa simu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Tazama. Baba ni baba. Mimi siendi, lakini wewe tazama. Ila kuna kitabu cha rambirambi wamekiweka mezani kwa yule mwanamke. Wa ng'ambo wanaandikiwa. Jina lako lisiingie mle."

"Mama, ni kitabu tu."

"Wewe ndiye unaniambia ni kitabu tu? Wewe?"

Nikavunja yai kwenye kikaango kwa mkono mmoja.

"Ukiandikwa mle, usinipigie tena," akasema, akakata.

Yai likaungua. Binti yangu aliisukuma sahani kwa kidole akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba ni jeusi chini. Nikakaa naye mezani nikalila mimi.

Nilikuwa darasa la pili nilipojua kusoma vizuri, na nilisoma kila kitu: pakiti za chumvi, vibao vya barabarani, gazeti lililofungia nyama. Baba alikuwa dereva wa kampuni moja iliyopeleka vifaa kwenye hifadhi ya wanyama. Likizo ya Desemba alirudi nyumbani akasema bosi amempa siku tatu kwenye banda ndani ya hifadhi, bure, na kwamba tutakwenda sote. Sote maana yake watu watatu, kwa sababu Mama hakuwa na mtoto mwingine.

Mama aliwaambia majirani tunakwenda hotelini. Lakini banda si hoteli. Ni nyumba ya mawe yenye vitanda, jiko la gesi na sufuria mbili, na chakula unakwenda nacho mwenyewe. Mama alifunga unga, sukari, majani chai, mkate, nyanya, sukumawiki na trei ya mayai aliyoibeba mapajani njia nzima. Kila gari liliporuka shimo alisema, "Polepole, mayai," na Baba akajibu, "Mayai yako salama kuliko mimi." Walikuwa wanacheka. Nataka niandike hilo, kwamba wakati wa kwenda walikuwa wanacheka.

Mtunzaji wa mabanda alikuwa mwanamume mwembamba aliyeitwa Musyoka, mwenye funguo nyingi shingoni. Alitupokea kwa sauti kubwa mno.

"Karibuni, wageni wapya! Karibuni sana, wageni wapya!"

Alilisema hilo la wageni wapya mara tatu, na kila mara alimtazama Baba. Mimi nilidhani ndivyo wanavyokaribisha watu huko. Kisha akatupa sheria zake akihesabu kwa vidole. Hapa hakuna mpishi. Hapa hakuna duka. Dirisha la jikoni lifungwe, kwa sababu nyani wana mikono na hawana adabu. Na mtu asitembee kwa miguu.

"Hata hadi kwenye gari?" Mama aliuliza. Gari tuliliacha penye kibanda chake, mwendo wa kama uwanja wa mpira.

"Hata hadi kwenye gari, mama. Unaniita kwa kengele ile, nakuja na Landrova. Nyati hakuulizi jina."

Na nyati walikuwepo kweli. Walikuwa wanakula majani ya ua wetu kama ng'ombe wa mtu, weusi, matope yamekaukia mgongoni, na macho yao hayakuwa ya ng'ombe. Mmoja alisimama karibu na baraza akatutazama bila kutafuna. Nimefanya kazi na watu wengi wasionipenda, lakini sijawahi kutazamwa tena vile, kama kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Baba alikuwa anapanga mizigo na Mama anawasha gesi jikoni, ikatoka ile harufu kwanza kabla ya moto, nilipokiona kitabu. Kilikuwa kwenye meza ndogo kando ya mlango, kipana, chenye jalada gumu, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kitabu cha wageni. Kilikuwa na mistari iliyogawanywa: jina, unakotoka, idadi ya watu, maoni. Nilianza kusoma kwa sauti, kwa sababu nilipenda watu wazima wanisikie. Wazungu walisema wameona chui. Wahindi walisema maji ya moto hakuna. Nikafungua nyuma kidogo, nikafika mwezi wa Agosti, nikaliona jina la Baba.

Lilikuwa kwa mwandiko wake, ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu kama ya kwenye ripoti zangu za shule. Jina lake, na familia. Watu wanne. Na kwenye maoni palikuwa na mwandiko mwingine, wa mtoto, herufi kubwa zinazopanda mlima: Tumeona nyati. Baba ametupikia mayai.

Nilifurahi. Nilidhani tulishawahi kufika hapa na mimi nimesahau. Sikuelewa tu tulikuwaje wanne, na ni lini niliandika vibaya hivyo.

"Mama! Tulishakuja hapa! Baba akatupikia mayai!"

"Baba yako?" Mama alicheka huku amenipa mgongo. "Baba yako apike? Huyo hajui hata kiberiti kinakaa wapi."

"Imeandikwa, Mama. Njoo uone."

Baba aliniambia, "Mami, funga hicho kitabu." Alilisema taratibu sana. Lakini Mama alikuwa ameshafika, anajifuta mikono kwa leso. Alisoma. Mama alisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno moja moja, na kidole chake kilipofika kwenye neno mayai kikakaa hapo. Kisha akakifunga kitabu akarudi jikoni.

Hakupiga kelele. Alisonga ugali, akakaanga sukuma, akapakua sahani mbili. Baba alikuwa ameshanawa, amekaa mezani ameinua mikono mbele yake ili isishike kitu, kama daktari. Mama aliweka sahani moja mbele yangu na nyingine mbele yake mwenyewe, akaanza kula. Mikono ya Baba ikakauka hewani.

"Rebeka," alisema. Baba alimwita Mama kwa jina lake siku za shida tu.

"Mpishi wa mayai ana njaa?" Mama aliuliza sahani yake. "Si jiko liko pale. Wengine waliambiwa hujui kuliwasha. Kumbe unachagua wa kumwashia."

Nyumbani, walipogombana, Baba alichukua koti akatoka. Angerudi kesho au keshokutwa akiwa na nyama, na mambo yangekwisha bila kusemwa. Ndivyo walivyojua kuishi. Sasa alichukua koti msumarini, akafungua mlango, na nyati yule alikuwa amesimama mbele ya ngazi. Baba alisimama mlangoni na koti lake. Nyati akapuliza pua. Baba akafunga mlango akarudisha koti msumarini.

"Nenda," Mama alisema. "Nani amekushika?"

Alijaribu tena jioni, na tena asubuhi. Koti likatoka msumarini, koti likarudi. Mara ya tatu Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho na nilikiogopa kuliko nyati. Walipaswa kusema yote mle ndani, kwa sababu hapakuwa na nje. Mwaka huu wa kufungiwa, kila nilipomwona mume wangu anasimama dirishani amevaa viatu na hana pa kwenda, nilijua ninachokitazama. Nilimwachia chumba.

Asubuhi hiyo ya pili walikuwa barazani wanasemezana kwa sauti za chini zenye makali. Nilisikia jina Nekesa. Nilisikia Baba akisema, "Mtoto hana makosa." Nilijua mtoto anayetetewa si mimi. Nikaenda kwenye meza ndogo, nikafungua Agosti, nikachukua kalamu yenye uzi nikaukwangua ule mwandiko wa mtoto mpaka karatasi ikachanika. Kisha kando yake, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu aliusifu, nikaandika: MWIZI. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua nilichokuwa nakiandika. Watu husema watoto hawajui, mimi nilijua.

Mchana Mama alilala, au alijilaza ameelekea ukutani. Baba alikuja jikoni. Alitafuta kiberiti kwenye droo ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi nikamwonyesha. Harufu ya gesi ikatoka, moto ukashika. Akavunja yai kwenye sufuria, na nikaona kwamba kweli anajua: hakulivuruga, alilimwagia mafuta juu kwa kijiko, taratibu, mpaka utando mweupe ukafunika kiini. Akalinyunyizia chumvi kwa vidole. Akaliweka kwenye sahani akalisogeza mbele yangu.

"Kula, mami. Hujala tangu asubuhi."

Lilikuwa zuri. Kingo zake zilikuwa za kahawia na zilikuwa zinalia bado. Nilikuwa na njaa hadi mate yalinijaa. Lakini lilikuwa yai la wale. Lilikuwa lile lile lililoandikwa kitabuni, na nilijua Mama anasikiliza chumbani. Nilinyanyua sahani, nikafungua dirisha la jikoni, nikalitupa yai nje, huku nikimtazama Baba usoni.

Uso wake uliniambia kwamba ningempiga kofi ingekuwa afadhali.

Nyani alilifikia yai kabla halijatulia chini. Akalila kwa mikono miwili, akalamba vidole, akatazama lilikotoka. Kisha akaingia. Nyuma yake wakaingia wengine wawili. Nilipiga kelele, Mama akatoka chumbani na mwiko, Baba akachukua koti lake akawa analipunga kama mtu anayezima moto. Nyani mkubwa alikaa juu ya meza akapasua mfuko wa unga, unga ukapanda hewani, na ndani ya wingu lile nilimsikia Mama akisema, "Upande wako! Upande wako!" na Baba, "Nimemwona, mpige wewe!" Kwa muda mfupi walikuwa watu wa nyumba moja. Nyani walitoka na mkate wote na mayai mengi. Mama na Baba wakabaki wamesimama weupe kwa unga, wanahema, wanatazamana, na mimi nikadhani sasa watacheka.

Mama akaweka mwiko mezani. "Nipeleke kwetu," alisema.

Musyoka alikuja na Landrova tulipopiga kengele. Alizunguka akihesabu vyombo vilivyovunjika, akafika kwenye meza ndogo, akakifungua kitabu kwa sababu unga ulikuwa umeingia ndani. Alisoma. Akanitazama mimi, nikatazama miguu yangu.

"Nyani hawa," alimwambia Baba, akikifunga. "Siku hizi hata kalamu wanashika."

Tulirudi siku moja kabla ya siku zetu kuisha. Mapaja ya Mama hayakuwa na trei. Hakuna aliyesema polepole. Januari Baba alichukua nguo zake na redio, na hakuishi nasi tena. Mimi niliamini ameondoka kwa sababu ya yai. Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa msichana mkubwa na Mama akanieleza mambo ya wanaume na wake wawili, akaniambia nisiwe mjinga. Nikakubali kwa kichwa. Lakini mara chache ambazo Baba alinitembelea shuleni, na baadaye aliponipigia huku, nilikuwa nataka kusema, Baba, lile yai, na kila mara nilimuuliza kuhusu mvua.

Saa kumi na moja jioni tulimtazama akizikwa, simu imeegemezwa kwenye sufuria ya Mama Furaha. Watu walikuwa wachache kwa sheria ya korona, wamevaa barakoa, na picha ilikwama kila dakika. Mchungaji alisoma wasifu. Alipofika kwa wake, alimtaja mmoja. Alipofika kwa watoto, alinitaja mwishoni, "na mwingine aliyeko ng'ambo." Mume wangu alinishika bega. Helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya nyumba zetu, kama kila jioni, na sikusikia udongo ukianguka.

Walipomaliza, simu yangu ikalia, namba ya Kenya nisiyoijua.

"Halo? Unanisikia? Mimi Nekesa."

Alikuwa binti wa yule mwanamke, na hatukuwahi kuongea maishani.

"Nakusikia. Pole."

"Pole na wewe. Namba nimeitoa kwa simu ya Baba. Niko na kitabu cha rambirambi hapa, wa ng'ambo wote wameandikiwa. Nikuandike ama?"

Lile "ama" lilikuwa limenolewa. Nilimfikiria Mama amekaa kitandani kwake na mlango wazi.

"Sema basi. Watu wanasubiri kalamu."

"Kabla hujaandika," nilisema. "Kulikuwa na kitabu kingine. Kule bandani. Uliandika mstari. Mimi ndiye niliuchana."

Nilisikia watu wakiimba nyuma yake, na viti vikikusanywa.

"Tulirudi pale Aprili," akasema. "Yule mtu wa funguo alituambia ni nyani."

"Hakuwa nyani."

"Unafikiri sikujua? Nilikuwa darasa la tatu. Nyani gani anaandika mwizi?" Alivuta pumzi. "Nilimuuliza Baba mwizi ni nani. Akanichapa. Hakuwahi kunichapa kabla, hakunichapa tena. Kwa hiyo mimi nimekujua zamani."

"Nisamehe."

"Leo sina nafasi ya hayo. Nikuandike ama nisikuandike?"

"Niandike."

Nikampa jina langu lote, na la Baba mwishoni. Akauliza mahali, nikasema Sydney.

"Ujumbe?"

Sikuwa na ujumbe. Nikamwambia aache wazi.

"Siachi wazi," akasema. "Wangu uliuchana. Wako utajazwa."

"Basi andika: Baba alinipikia yai, nikalitupa."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha nikasikia kalamu ikienda kwenye karatasi, na akanisomea, neno moja moja, kwa sauti ya mtu anayemsomea karani: "Baba alinipikia yai, nikalitupa." Hakuuliza yai gani. Akamwambia mtu aliyekuwa kando yake, "Shika kalamu, mama," na simu ikakatika.

Nilimwandikia Mama ujumbe usiozidi mstari mmoja, kwamba nimeandikwa, ili asisikie kwa watu. Niliona ameusoma. Jumapili saa sita mchana, saa yetu ya kila Jumapili, nilimpigia. Iliita mpaka ikakata. Nikangoja kidogo nikapiga tena, na mara hii ilikuwa imezimwa.